Nafasi Moja ya Mpima Mizani

Mume wangu Apolinari alipopunguzwa kazi, hakuacha kwenda kazini. Ghala la tumbaku alilokuwa anafanyia kazi lilifungwa mwaka tisini na sita, yeye na wenzake wakaambiwa asanteni sana, mlango ukatiwa kufuli. Kesho yake alfajiri nikamkuta anapiga pasi suruali.

"Unakwenda wapi, Baba Mercy?"

"Kazini."

"Kazi gani tena?"

"Ya kutafuta kazi," akasema, akapuliza mkaa wa pasi, majivu yote yakanirukia usoni.

Na kweli, kazi hiyo akaifanya kama mwajiriwa. Alitoka saa ile ile aliyokuwa akitoka zamani, akarudi mchana kula, akajinyoosha kidogo, akatoka tena. Alizunguka Mpanda nzima: stesheni, sokoni, kwenye viwanda vya mbao, kwa makandarasi, akiuliza kama kuna nafasi. Siku moja aliamka na homa, akaniomba ruhusa asiende. Mimi! Nikamwambia alete cheti cha daktari. Hakucheka. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia uani kuona kuna nini.

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Nyumba tuliyokaa pale Kashaulili ilikuwa ya ghala, na tuliruhusiwa kukaa humo mpaka msimu mpya wa kununua tumbaku utakapofunguliwa. Baada ya hapo tutoke. Kaka yangu Maiko kule Mamba alikwisha kunitumia habari kwa dereva wa lori la mpunga kwamba ametuezekea kibanda nyuma ya nyumba yake, twende tukalime naye. Kaka yangu ni mtu mwema, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Apolinari ni Mfipa mwenye haya zake. Kwenda kukaa ukweni, kula wali wa shemeji yake na kuulizwa kila asubuhi ameamkaje, kwake yeye ilikuwa afadhali alale stesheni. Angekwenda, kwa ajili yangu na watoto. Lakini nilijua angekwenda nusu, na mume nusu mimi simtaki.

Sasa niwaambie habari za jumuiya, maana balaa lote lilianzia huko.

Sisi ni Wakatoliki, na nyumba chache za pale mtaani zilikuwa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Kila Jumamosi jioni tulikutana, tukasoma Neno, halafu kila mwenye nia, yaani jambo la kuombewa, akaitoa na wengine wakaitikia. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Stanslaus, mpakiaji wa marobota ya tumbaku kule kule ghalani, naye kapunguzwa siku ile ile. Stanslaus alikuwa na sheria moja tu: nia isemwe wazi. Hakutaka kusikia mambo ya kuwaombea watu wote wenye shida mbalimbali. Shida gani? Ya nani? Alikuwa anakukatisha katikati ya sala akuulize. Mama mmoja aliomba kwa ajili ya mguu wake, Stanslaus akataka kujua wa kulia au wa kushoto.

Basi mume wangu, mtu mtii, akasimama Jumamosi moja akasema wazi. "Naombeni mniombee. Jumatatu nakwenda kwenye kiwanda cha mbao kule Misunkumilo. Wanataka karani mmoja wa kupokea magogo. Usaili ni saa tatu asubuhi."

"Ee Bwana," akasema Stanslaus.

"Twakuomba utusikie!" tukaitikia, kwa sauti kubwa kuliko Jumamosi zote zilizotangulia. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe watu wanatupenda hivi.

Jumapili baada ya misa akaja Gelasius. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa mizani ghalani, na ndiye aliyemfundisha Apolinari kupima. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, mjane anayelea wajukuu. Wakulima walikuwa wakimwamini kuliko walivyowaamini wake zao. Gelasius akisema kilo hizi, hakuna aliyerudia kuuliza. Alikuja na sura ya huzuni, akasema ana msiba Makanyagio na hana koti, je, Apolinari anaweza kumwazima lake. Apolinari akalipiga pasi kwanza ndipo akampa.

Jumatatu mume wangu akaenda kiwandani na shati. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa koti lake, na ndani ya koti alikuwa Gelasius. Wa pili Stanslaus. Wa tatu Bartolomeo kinyozi, mwanajumuiya mwenzetu, ambaye gogo alilijua likiwa limeshakuwa kuni. Apolinari akapanga foleni nyuma yao, akamsalimia kila mmoja, akampa Gelasius pole ya msiba. Kazi wakampa kinyozi.

Aliponisimulia nilirusha mwiko. Sikumrushia mtu, niliurusha tu hewani, lakini ulifika mbali.

"Wanafiki!" nikasema. "Wamekuombea Jumamosi, Jumatatu wamekutangulia! Na huyo Gelasius wako, mzee mzima, anasingizia msiba! Hapa kwangu asikanyage tena."

"Ana wajukuu wale," akasema Apolinari.

"Na wewe huna watoto?"

Nikamwambia Jumamosi ijayo akipata habari ya kazi afunge mdomo, aseme ana nia ya moyoni kama watu wengine wenye akili. Nia ya moyoni inaruhusiwa na Kanisa zima, isipokuwa Stanslaus tu.

"Mama Mercy," akasema, "wote tulipunguzwa siku moja. Nikipata habari nikaificha, nitakuwa nimewapunguza mara ya pili."

Niliokota mwiko wangu, nikaendelea na ugali.

Akaendelea kusema wazi, na wao wakaendelea kumtangulia. Jumamosi moja, zamu ya sala ikiwa kwetu, alitangaza kwamba kampuni mpya ya kununua tumbaku imekodi banda kule stesheni na inataka mlinzi. Wakati huo alikuwa anapita Libérat, mtu wa Litapunga, kwenye makazi ya Warundi, aliyekuwa akiuza karanga kwa baiskeli. Libérat si Mkatoliki hata kidogo, ni Mlokole, lakini masikio hayana dhehebu. Akaegemeza baiskeli kwenye wigo wetu, akaingia na kapu la karanga mkononi.

"Bwana Yesu asifiwe!"

Sisi tumezoea Tumsifu Yesu Kristo, basi wengine wakajibu "Milele amina", wengine "Amina" tu, na mtoto wangu Mercy akajibu "Marahaba". Libérat akapiga magoti katikati yetu, akafumba macho, akamwombea Apolinari kwa machozi na kwa Kirundi, muda mrefu mpaka chai ikapoa. Jumatatu yake akawa mlinzi wa banda la stesheni. Alituletea karanga za shukrani. Nilizikataa, halafu nikazikaanga.

Kufika Kwaresima, uwanja wetu ulikuwa haupitiki. Sala zikahamia kwetu moja kwa moja, maana nyumba nyingine hazikutosha. Walikuja watu wa jumuiya za Majengo, wa Kawajense, watu ambao kanisani nilikuwa nawaona Krismasi kwa Krismasi. Wakati wa kusoma Neno walipiga miayo, wengine wakalala kabisa wameegemeana. Ikifika zamu ya nia za Apolinari, wote wakaketi wima. Kuna aliyechelewa Jumamosi moja akaninong'oneza, "Nia ya Apolinari imeshapita?" Nilipomwambia imepita, akageuka akaondoka, hata ishara ya msalaba hakufanya. Mwingine alinyoosha mkono katikati ya sala akaomba saa ya usaili irudiwe. Stanslaus akamkemea, halafu akairudia.

Na paroko wetu, Padre Sixte, Mungu ambariki, Jumapili moja akasimama altareni akaisifu Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu kwa jinsi ilivyowaka imani, akaziambia nyingine zije kujifunza. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili na mikono inaniuma kwa kupika uji wa hao wenye imani.

Kazi walipata. Mmoja akawa mpishi kwenye nyumba ya wageni, mwingine akachukuliwa na mkandarasi wa barabara ya Mwese, mwingine akawa bawabu. Mume wangu hakupata. Penye kazi ya nguvu walimwona ni mtu wa ofisini, na penye kazi ya ofisini walimkuta yupo wa ishirini kwenye foleni aliyoitangaza mwenyewe.

Halafu ikafika asubuhi moja sikusikia pasi. Nikaenda chumbani, nikamkuta amekaa kitandani na suruali mapajani, imekunjamana.

"Romana," akasema. Akiniita Romana ujue mambo si mazuri. "Hivi Mungu ananisikia mimi, au anawasikia wao tu?"

Niliogopa. Ningekuwa mwanamke mpole ningelia naye. Lakini mimi nilivyo, hofu yangu hutoka na ukali.

"Mungu anakusikia vizuri sana," nikamwambia. "Tatizo lako, si yeye peke yake anayekusikia."

Akanitazama. Nikadhani nimemuumiza. Halafu akaanza kucheka, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, akajilaza kabisa kitandani anacheka, na mimi nikaangua kicheko, tukacheka mpaka Mercy akaja kutuuliza kama tuna wazimu. Alipomaliza aliinuka akaniomba mkaa wa pasi. Nilimpa mkaa wote uliokuwemo jikoni, siku hiyo tulichelewa kula.

Baada ya Pasaka, wiki chache kabla msimu haujafunguliwa, Libérat alikuja na baiskeli mbio mpaka akaangusha ndoo yangu.

"Baba Mercy yupo? Mwambie, mama! Pale bandani wanataka mpima mizani. Mmoja tu. Bwana Nkwabi katoka Tabora, ndiye mkubwa, atasaili watu Jumatatu. Nimekuja kwenu kwanza, hata mke wangu sijamwambia."

Mpima mizani! Ilikuwa kazi yake hasa, aliyoifanya ujana wake wote. Apolinari alipoambiwa alikaa chini, akafungua kifungo cha shati.

Hapo nilimshika. Sikumpigia kelele. Nilimwekea chakula, nikamngoja ale, nikamnawisha mikono, nikapiga magoti mbele yake kama siku ya harusi. "Baba Mercy, nakuomba. Umewaambia ya magogo, umewaambia ya ulinzi, umewaambia ya upishi. Hii moja, sema nia ya moyoni. Gelasius akisikia kuna kazi ya mizani, unadhani utapita? Ndiye aliyekufundisha! Kibanda cha Maiko kinatungoja, mume wangu. Nakuomba."

Akaniinua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi kwa ujinga wangu nikachukua kwamba ni ndiyo.

Jumamosi uwanja ulifurika. Gelasius alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono magotini. Ilipofika zamu ya nia, hata watoto walinyamaza. Apolinari akasimama, akakohoa. Akanitazama mimi. Nikamtolea jicho.

"Naombeni mniombee," akasema. "Jumatatu, banda la stesheni, saa mbili asubuhi. Wanataka mpima mizani mmoja." Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Hii naitamani sana, ndugu zangu."

Stanslaus alichelewa kusema Ee Bwana. Waliitikia kwa sauti ndogo. Mimi sikuitikia kabisa, nilikuwa nimeshaingia ndani, na uji wao waliupakua wenyewe.

Jumapili nzima sikumsemesha. Jumatatu asubuhi nilijifunga kanga mbili nikamfuata. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia nakwenda kuiona hiyo foleni kwa macho yangu, nijue nani wa kutomsalimia tena kanisani mpaka siku ya kufa.

Tukafika stesheni. Walikuwepo wakulima wa Litapunga na marobota yao ya majaribio, mbuzi wawili, na Bwana Nkwabi, mtu mnene mwenye kofia, amekaa mezani. Foleni haikuwepo, hata mtu mmoja wa kuianzisha. Nilizunguka nyuma ya banda nikidhani wamejificha.

Saa mbili ikapita, saa tatu ikafika. Bwana Nkwabi akamwita Apolinari.

"Wenzako wako wapi?"

"Sijui, mkubwa."

"Nimeambiwa mji huu kukiwa na nafasi moja wanakuja watu arobaini. Leo umekuja peke yako. Kazi yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, mkubwa."

"Basi mimi siwezi kukuajiri. Nimeagizwa nishindanishe watu watatu, tena waliowahi kukaa na mizani. Mtu mmoja anashindana na nani? Saa sita napeleka jina Tabora kwa redio kolu ya stesheni. Bila watatu, watanitumia mtu wao kutoka huko."

Apolinari alisimama pale na koti lake lililopigwa pasi. Mimi nilikuwa nimeshakunja kanga, mbio. Nilitafuta watu wa kuja kumnyang'anya mume wangu kazi, na niliwatafuta kwa moyo wangu wote.

Kwa Gelasius sikukuta mtu. Nilipofika kwa Stanslaus nikawakuta wote. Uwanja umejaa wanaume, wamekaa kwenye mikeka na magogo, hakuna anayeongea. Getini amesimama Libérat, katoka zamu yake ya usiku, na rungu lake la ulinzi.

"Nyie mnafanya nini hapa?" nikauliza, pumzi zimeniisha.

Stanslaus akasimama kwa heshima. "Mama Mercy, tulikubaliana jana baada ya misa. Hii ya mizani ni ya Apolinari. Hakuna atakayekwenda."

"Sasa mbona mmekaa kama mahabusu?"

Akaona haya. "Tulikubaliana. Lakini tunajuana. Ndiyo tukaona afadhali tukae pamoja mpaka saa sita, kila mtu amwone mwenzake. Hata chooni wanakwenda wawili wawili." Akashusha sauti, akaonyesha kwa kidevu. Katikati ya kundi, amezungukwa pande zote, alikuwa amekaa Gelasius. "Yule ndiye tunayemlinda hasa."

Nikawaeleza. Mwanzoni walidhani nawatega. Libérat alisema hamruhusu mtu kutoka hata kama anaitwa na malaika. Walipoelewa, kila mmoja akatazama chini, maana waliowahi kukaa na mizani pale walikuwa wawili tu: Stanslaus, aliyekuwa akiyapandisha marobota juu yake, na Gelasius.

"Mimi nitashindwa vizuri," akasema Stanslaus. "Hilo msiwe na wasiwasi."

Wote tukamgeukia Gelasius. Akasimama, akajipangusa vumbi. "Twendeni," akasema, basi.

Njia nzima nilikuwa nyuma yake nikiutazama mgongo wake. Shati lilikuwa limechanika begani. Huyu, nikasema, akisimama mbele ya mizani, wajukuu wake wanamngoja nyumbani, atakumbuka ahadi ya uwanjani kwa Stanslaus? Mimi mwenyewe ningeikumbuka? Na tulipofika, mume wangu, mtu nisiyejua Mungu alimfinyanga kwa udongo gani, akamwona mwalimu wake na shati lile, akavua koti akampa. Mbele ya mwajiri! Nilitaka kumng'ata.

Bwana Nkwabi akaweka robota moja kando ya mizani, ile kubwa ya kukaa chini, yenye mkono wa chuma na jiwe la kusogeza. Kila mmoja apime robota lile lile, ataje kilo.

Akaanza Stanslaus. Alilikumbatia robota, akapanda nalo juu ya mizani, akasimama nalo palepale. Akainama kusoma, hakuona, akamwomba mkulima mmoja amshikilie. "Kilo mia moja na thelathini," akatangaza, "na viatu." Wakulima walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Bwana Nkwabi alivua kofia akaiweka mezani.

Akaja Gelasius. Hakugusa robota. Kwanza aliifuta mizani vumbi kwa mkono wa koti la mume wangu, halafu akalirudisha jiwe mwanzo, akainama, akangoja mpaka mkono wa chuma ulipotulia sawasawa, mizani ikiwa tupu. Mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe. Kicheko kikaisha. Bwana Nkwabi akaacha kalamu, akasogeza kiti. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba anayesimama pale anaijua kazi. Nikashika nguzo.

Akapandisha robota. Akasogeza jiwe, akalirudisha kidogo, akalisogeza tena kwa ncha ya kidole. Mkono wa chuma ukapanda, ukashuka, ukatulia. Gelasius akautazama muda mrefu.

"Kilo tisini na mbili," akasema.

Mwenye robota, mama wa Litapunga anayeitwa Médiatrice, aliruka juu. "Huyo huyo! Mpeni kazi huyo! Yoo, huyo ndiye mpimaji!" Wakulima wote wakapiga makofi. Walikuwa tayari kumbeba mabegani. Mpimaji anayeongeza kilo hivyo hawakuwahi kumpata tangu tumbaku ianze kulimwa.

Bwana Nkwabi hakupiga makofi. "Mzee, umesema ulikuwa mkuu wa mizani ghalani?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Basi ghala lenu lilikuwa na haki ya kufa."

Apolinari alipiga hatua mbele. Nikajua anakwenda kusema ukweli, maana ndio ugonjwa wake. "Mkubwa, huyu mzee ndiye aliyenifundisha, na anajua..."

"Najua nyimbo za kanisani," akamkatiza Gelasius, akamkanyaga mguu waziwazi. "Mizani imenishinda, mkubwa. Ni macho. Uzee." Akavua koti, akalitandika vizuri mabegani mwa mume wangu, akatoka nje. Wakulima walikuwa bado wanamshangilia.

Apolinari akapima. Kwanza alilirudisha jiwe mwanzo, kama alivyofundishwa. Akataja kilo zake, wakulima wakaguna na kumzomea, Médiatrice akamwita mwizi. Bwana Nkwabi akatazama karatasi yenye uzito wa kweli aliyokuwa ameificha mfukoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akampa mkono. Libérat alipiga haleluya moja iliyosikika mpaka sokoni. Stanslaus alikuwa anamwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyeshindwa vizuri kuliko wote.

Mimi nilitoka nje. Gelasius alikuwa amekaa kwenye kivuli cha behewa bovu, anakung'uta mchanga kwenye kiatu. Nilifika mbele yake nikasimama. Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia huyu mzee miezi ile yalikuwa ya matusi, na sikuwa na mengine.

"Kasema ngapi?" akaniuliza.

Hakuuliza kama kapata kazi.

"Sitini na nane," nikasema. "Na nusu."

Gelasius akakubali kwa kichwa polepole, akavaa kiatu chake. "Ndiyo. Na nusu," akasema. "Hata mimi niliiona, shemeji."

Nikakaa chini pale kwenye reli, karibu yake, nikalia bila kujificha, na yeye akatazama upande mwingine mpaka nilipomaliza. Halafu nikamwambia anyanyuke twende nyumbani akale, na awaite na wajukuu.